Mitungi Miwili kwa Vituo Viwili

Nilikuwa nimeshavuka daraja na kuiacha lami nilipochungulia kwenye kioo cha pembeni kuona kama mkaguzi ananifuata. Hakuwa ananifuata. Gari lake jeupe lilikuwa bado limeegeshwa mbele ya kituo chetu cha zimamoto, na shemeji yangu amesimama naye mlangoni, amemwekea mkono begani kama watu waliosoma shule moja, anamkaribisha chai ya pili. Hiyo chai ya pili ndiyo iliyokuwa kazi yake. Kazi yangu ilikuwa kukimbia.

Nyuma ya pikapu nilikuwa na magunia manane ya pumba, na chini ya pumba mitungi miwili ya hewa pamoja na barakoa zake. Juu ya yote nilikuwa nimefunga ngazi ndefu ya aluminiamu, ambayo haikuwa yetu.

Nieleze mapema, maana jambo hili likielezwa vibaya linafanana na wizi. Kanuni ya makao makuu ilisema kila kituo cha mji mdogo, hata hivi vyetu vya watu wanaoacha kazi zao wakisikia king'ora, lazima kiwe na mitungi miwili ya hewa iliyo mizima. Ni ile ya kubeba mgongoni; bila huo mtungi mtu haingii kwenye moshi. Kituo kisicho nayo kinafungwa, na gari lake linahamishiwa mji mkubwa. Sisi tulikuwa nayo. Wenzetu wa ng'ambo ya kilima yao ilishakufa, na barua zao za kuomba mingine zilijibiwa kwamba zimepokelewa. Wao walikuwa na ngazi ndefu, ambayo nayo ni ya lazima, sisi hatukuwa nayo. Mkaguzi alikuwa mmoja, anakuja mara moja kwa mwaka, asubuhi kwetu, halafu kwao. Basi ngazi yao ilikuwa inakuja kwetu siku moja kabla, na mkaguzi akishasaini kwetu, ngazi na mitungi vinapanda kilima kwa njia ya mawe, vinamtangulia yeye anayezunguka kwa lami. Huo ulikuwa mwaka wa tatu. Hakuna aliyekuwa anaona aibu tena. Fundi cherehani tu, yule mama aliyekuwa anaendesha pampu yetu, ndiye aliyekuwa akisema, tena kwa kucheka, kwamba nguo ya kuazima haisitiri matako.

"Itasitiri," shemeji alimjibu. "Sisi tunavuliwa siku moja tu kwa mwaka."

Shemeji alikuwa fundi baiskeli. Ukienda na gurudumu lililopinda unalikuta jingine limening'inia, naye hayupo, yuko kituoni anapangusa gari. Watu walimwita Kamanda, mwanzoni kwa kumtania, halafu wakasahau kwamba walikuwa wanamtania. Kituo kile ni yeye aliyekiomba. Kabla hakijakuwepo, mtaa wa soko uliungua mchana kweupe, mdogo wake akiwa ndani ya stoo, na gari lililotoka mji mkubwa lilifika baada ya saa moja na nusu likamwagia maji majivu. Tangu siku hiyo hakuwa na hadithi nyingine. Alikwenda ofisi zote, akagonga milango, akapewa gari lililochakaa na ovaroli sita. Mimi nilikuja mjini pale kumsalimia dada yangu kwa siku nne. Nimeendesha malori katika miji mingi, mingine hata majina yake siyakumbuki, na shemeji aliposikia nina leseni ya magari makubwa, alinifungia begi langu kabatini. "Wewe ni kiguu na njia," alisema, "sasa hapa utapewa na gari." Jina likabaki hilohilo, Kiguu, na kufikia siku ile ya ukaguzi zile siku nne zilishakuwa miaka mitatu na nusu.

Kanuni ilitaka watu sita. Kwa kweli tulikuwa wanne: Kamanda, fundi cherehani, mimi, na fundi makochi, mtu mpole aliyekuwa na karakana ya viti na magodoro katikati ya mji. Wa tano alikuwa amehama, tukasema anaumwa. Mahali pa wa sita, asubuhi ile, tulimvalisha kinyozi ovaroli.

Mkaguzi alikuwa mtu mwembamba, mwenye kalamu mbili mfukoni. Alipita mbele yetu tumejipanga, akamsimamia kinyozi, akamwonyesha kichwa cha mpira wa maji.

"Hiki kinaitwaje?"

Kinyozi akakitazama kama kichwa cha mteja. "Hicho? Hicho si ndicho chenyewe?"

"Chenyewe kipi?"

"Chenyewe cha kuzimia, mkubwa."

Fundi cherehani alikohoa ili asicheke. Mkaguzi akaandika kitu, akaenda kwenye mitungi. Akafungua, akasikiliza hewa, akasoma namba iliyogongwa kwenye chuma, akaiandika. Halafu akasaini. Kamanda akamvuta kwenye chai, sisi tukapakia uani, na nikawasha pikapu yeye hajamaliza kikombe cha kwanza.

Njia ya mawe ni kilomita thelathini na nane, na simu haishiki mpaka ushuke upande wa pili. Nilifika kituo cha wenzetu saa nne kasoro. Mkuu wao alikuwa muuza nyama, tunamwita Bucha, mtu mkubwa mwenye sauti ndogo. Tulishusha vitu mbio mbio. Alipangusa pumba kwenye mitungi kwa aproni yake.

"Mzee Kiguu, safari hii umeileta inanuka kuku."

"Mwambie mkaguzi mmezima moto wa banda."

Tukaiweka mezani, ngazi tukaitundika ukutani kwake. Nikakaa nje kwenye benchi kungoja. Robo saa haijapita simu yangu ikalia. Alikuwa fundi cherehani, na nyuma ya sauti yake nikasikia king'ora chetu, kile cha kuzungushwa kwa mkono.

"Kiguu, kwa Makochi kunafuka moshi. Alikuwa ameacha gundi kwenye maji ya moto, jiko la mkaa chini, akaja kujipanga na sisi. Amerudi akakuta hivyo."

"Moshi mkubwa?"

"Mweusi. Ngoja, Kamanda huyu hapa anasema." Nikamsikia akimwuliza, na yeye akijibu kwa mbali, anahema. Akanirudia. "Anasema tutauweza kwa maji. Anasema usirudi na chochote kabla mkaguzi hajasaini. Umesikia? Kabla hajasaini."

Wakati huohuo gari jeupe likaingia uani.

Hapa ndipo watu waliponiuliza baadaye, na wengine hawakuniuliza ila walinitazama. Nilibaki kwenye benchi. Mkaguzi alianza na gari, akahesabu mipira, akapanda ngazi hatua tatu akashuka. Nilijiambia Kamanda anajua moto kuliko mimi. Nilijiambia karakana ile ina milango miwili. Ukweli ni kwamba nilizoea kuamini kazi yangu ni mitungi na mkaguzi, na moto ulikuwa kazi ya siku nyingine. Dakika tisa zilipita. Nilizitazama kwenye saa ya ukutani ya Bucha.

Simu ikalia tena.

"Bi Mkubwa yumo ndani!" Alikuwa analia. "Mama yake Makochi, amelala chumba cha nyuma, hasikii. Makochi tumemshika watu watatu. Kamanda ameingia. Ameingia na taulo la maji, Kiguu, na taulo!"

Niliingia ofisini. Mkaguzi alikuwa amemaliza kuandika namba ya mtungi wa kwanza, ameshika wa pili. Nikauchukua mkononi mwake.

"Mzee, unaupeleka wapi?" mkaguzi akauliza.

"Ulikotoka."

Bucha akafumba macho. Mkaguzi akatazama namba aliyoiandika, akarudisha karatasi ukurasa mmoja nyuma. Hakupaza sauti.

"Kuna nini kule?"

Nikamwambia. Nilimwambia kwa sentensi mbili, zilitosha.

"Pikapu yako itachukua muda gani?"

"Saa nzima. Mawe."

"Weka kwenye gari langu," akasema, na wa kwanza akaubeba mwenyewe.

Kwa lami ni mbali zaidi, lakini mtu yule aliendesha kama ana kesi. Mitungi iligongana kwenye kiti cha nyuma kila kona. Mwisho akasema, macho yakiwa barabarani, "Mwaka jana namba zilikuwa hizihizi. Nilidhani nilikosea kunakili."

"Ulidhani?"

"Nilitaka kudhani."

Tulifika baada ya dakika arobaini na tano. Paa la karakana lilikuwa limeshalala chini. Fundi cherehani alikuwa bado anamwagia maji magodoro, na yale magodoro yalikuwa yanatoa moshi mzito, wa manjano, unaouma macho hata ukiwa ng'ambo ya barabara. Bi Mkubwa amekalishwa kwenye kiti cha kinyozi, amefunikwa shuka, anawagombeza watu kwamba kiatu chake kimoja kimebaki. Na Kamanda amekaa kwenye ngazi za duka la dawa, mzima, pua nyeusi tii, chupa ya maji mkononi. Dada yangu alikuwa anampangusa uso kwa upindo wa kanga.

"Amesaini?" ndilo neno lake la kwanza.

Akatazama nyuma yangu, akamwona mkaguzi ameshika mtungi kifuani kama mtu aliyebeba mtoto wa wenyewe.

"Aa," akasema. "Basi tumevuliwa." Akacheka, na kicheko kikageuka kikohozi ambacho hakikuisha haraka.

"Shemeji, uliingia mara ngapi?"

"Mara mbili. Mara ya kwanza sikumwona. Yule bibi mwepesi, bwana, lakini ananing'ang'ania shingo kama nampeleka kuolewa."

"Ungengoja."

"Ningengoja nini? Wewe?" Hakusema kwa ubaya. Alisema kama mtu anayeuliza njia.

Mganga wa zahanati alimpima, akasema apumzike, akampa vidonge vya kifua. Alitembea kwa miguu yake mpaka nyumbani, watu wanampigia makofi njia nzima, anawaambia waache upuuzi wakazibue gata zao. Alikula kidogo. Alimwambia dada amchomolee ile ovaroli inanuka mpira. Kwenye saa tisa alasiri akasema kifua kinambana kama amefungwa mkanda. Midomo ilikuwa imeanza kubadilika rangi. Moshi wa godoro, baadaye niliambiwa, haukuui mlangoni. Unakusindikiza mpaka nyumbani.

Zahanati haikuwa na gari. Mkaguzi alikuwa bado mjini, amekaa kwenye gari lake mbele ya kituo na karatasi zake mapajani, haandiki. Tukampakia Kamanda kiti cha nyuma, kichwa kwenye mapaja ya dada. Nikakaa mbele.

Na pale kiti cha nyuma kulikuwa na mitungi miwili imejaa hewa, na sisi sote tulifikiri jambo moja. Dada akamvalisha barakoa, nikamfungulia. Ilimsaidia kidogo. Lakini ile ni hewa ya kawaida tu iliyoshindiliwa, si dawa. Ilikuwa ni kitu cha kuvaliwa asubuhi.

Katikati ya njia akaivuta barakoa pembeni.

"Mkaguzi."

"Niko hapa, Kamanda."

"Utaandika nini?"

Mkaguzi akamtazama kwenye kioo.

"Andika ilikuwepo," shemeji akasema. Kila neno alilitafuta. "Andika mitungi ilikuwa ukutani. Mimi nikakimbia bila kuvaa. Andika kichwa ngumu. Kisifungwe."

"Nyamaza, vaa," dada akamwambia.

"Mama watoto, nimesema kisifungwe."

"Nimesikia. Vaa."

Akavaa. Tulipofika kwenye geti la hospitali, dada alikuwa bado amemshikilia ile barakoa usoni, na hewa inatoka, inatoka, hakuna anayeivuta.

Siku ya nne baada ya mazishi mkaguzi alikuja nyumbani kwa dada. Alivua viatu mlangoni, ingawa hakuna aliyemwambia. Alikuwa na karatasi mbili. Tulikuwa watatu: dada, fundi cherehani na mimi.

"Naweza kuandika namna mbili," alisema. "Nikiandika ilivyokuwa, vituo vyote viwili vinafungwa mwezi huu, na mimi nafuata. Nikiandika alivyosema marehemu, chenu kinabaki. Hata cha wenzenu naweza kukisogeza mwaka mmoja. Lakini itasomwa kwamba alikufa kwa uzembe wake. Nahitaji shahidi wa kazini na mtu wa familia."

"Uzembe?" fundi cherehani akaruka. "Yule? Yule aliyekuwa anatutoa jasho kwa kuvaa helmeti hata tukienda kuosha gari? Mimi sisaini. Afadhali kifungwe kiote nyasi."

"Alisema mwenyewe," mkaguzi akasema taratibu.

"Alikuwa anakufa! Mtu anayekufa anasema chochote."

Wakanitazama mimi. Nikasema ninachokiamini hata leo, kwamba amri ya kutorudi kabla ya saini ilikuwa yake, lakini aliyekaa kwenye benchi dakika tisa ni mimi, na sitaki kumtupia marehemu mzigo mara ya pili. Nikasema iandikwe kweli.

Dada alikuwa anakunja nguo za mumewe. Hakuacha kukunja.

"Kaka," alisema, "wewe umekaa hapa miaka mitatu, na utaondoka. Usinikatalie, nakujua, tangu mdogo ukimaliza kula unatafuta mlango. Wewe shoga yangu una hasira, na haki yako. Lakini mimi nimelala na yule mtu miaka kumi na tisa. Anaamka kitandani kwa sababu jirani kachoma takataka. Mdogo wake aliungua yeye anamsikia. Heshima hakuitaka kamwe. Aliitaka ile gari iwe pale."

"Watoto wako watasoma baba yao alikuwa mzembe," nikasema.

"Watoto wangu watajua. Nitawaambia mimi. Wengine acha wasome." Akaweka shati juu ya rundo. "Leteni hiyo kalamu."

Alisaini. Alikuwa na mwandiko mzuri, wa kulala upande mmoja. Nikasaini chini yake, kama shahidi wa kazini, kwamba mitungi ilikuwa ukutani. Fundi cherehani alitoka nje bila kuaga. Mkaguzi alikunja karatasi, akavaa viatu vyake.

Kituo hakikufungwa. Mitungi ilirudi ukutani, na safari hii haikuazimwa. Fundi cherehani, pamoja na hasira yake, ndiye aliyekuwa mkuu wa kituo, maana hakukuwa na mwingine. Alizunguka nyumba kwa nyumba kutafuta watu wa kuziba nafasi ya Kamanda, na kila nyumba ilimjibu jibu moja: kama yeye aliyekuwa anajua alikufa kwa uzembe, sisi tusiojua tutakufa na nini? Ile karatasi ilikuwa imesomwa kwenye mkutano wa mji. Hakuweza kuwajibu bila kukifunga kituo. Alikaa na watu watatu, halafu wawili na kinyozi, ambaye safari hii alijifunza kweli. Walizima moto wa jiko moja na wa mabanda mawili. Baada ya miaka miwili na miezi saba makao makuu yalileta barua: watu hawatoshi. Gari likapelekwa mji mkubwa, na huko, nasikia, linabeba maji ya kumwagilia bustani.

Cha wenzetu kilifungwa mwaka mmoja kabla ya chetu. Bucha alirudi kwenye nyama yake. Mkaguzi alistaafu kwa heshima. Karatasi yake ikawa somo kwa askari wapya, wanafundishwa habari za mkuu wa kituo aliyeacha mitungi ukutani. Makochi alihama na hakufungua tena karakana; anapaka rangi nyumba. Bi Mkubwa aliishi miaka mitano zaidi. Fundi cherehani bado anashona, na hasemi nami. Duka la baiskeli dada alimwachia binti yake mkubwa, ambaye ni fundi mzuri kuliko baba. Binti anajua ilivyokuwa. Mimi niliondoka wiki ile gari lilipoondoka. Sasa hakuna kituo cha kufunga, ndiyo maana nimeandika.